«Ile telefone iko na jina ya nani ndani?»



Katika mukutano wetu mukuu, kisha ripoti ya feza kusomwa, mama mumoja aliyekaa nyuma alisimama na kuuliza: «Ile telefone tulinunua na feza ya kahawa yetu, iko na jina ya nani ndani?» Watu wakacheka. Wengine walifikiri mama hajui mambo ya telefone. Prezida alimujibu haraka: «Mama, telefone ni ya koperative, facture iko hapa.» Mama akakaa. Miezi michache kisha pale, tulielewa kwamba ulizo lake lilikuwa la maana kuliko maulizo yote ya siku ile.

Sisi ni komite ya koperative ya wakulima wa kahawa na maharagi, kwenye milima ya upande wa magaribi wa ziwa Kivu. Tunawaandikia wenzetu wa koperative zingine kwa sababu wengi wamekwisha kununua telefone ya Android kwa kazi ya koperative, ao wafazili wamewapatia moja, ao wako wanachanga feza ya kuinunua. Hatukuje kusema kwamba Android ni ya mubaya. Hatukuje pia kuisifu kama mutu anayeiuza sokoni. Tumeitumia, imetusaidia, na imetuumiza. Wazo letu ni hili: Android ni chombo cha muzuri kwa koperative, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya mutu mumoja, haikutengenezwa kwa ajili ya kikundi. Koperative isipoliona jambo hilo mbele, itanunua telefone na feza ya wote, na siku moja itajikuta na telefone ya mutu mumoja.

Android ni nini hasa?

Hapa kwetu mutu akisema «niko na Android», anataka kusema telefone kubwa ya kugusa na kidole. Lakini Android yenyewe si telefone. Ni programu kubwa iliyo ndani, ile inayoamuka ya kwanza unapowasha telefone, inayoongoza kamera, rezo, batri na sauti, na inayobeba aplikasio zingine zote kama WhatsApp. Tecno, Itel, Infinix, Samsung: majina ya nje ni mbalimbali, lakini ndani ni Android ile ile.

Kampuni ya Google ya Marekani ilinunua kampuni ndogo iliyokuwa inatengeneza Android mwaka 2005, na telefone ya kwanza ya Android ilitoka mwaka 2008. Google haikuifungia Android kwa ajili yake peke yake. Iliiachilia watengenezaji wengine waitie katika telefone zao. Apple ilifuata njia nyingine: iPhone iko na programu yake, iOS, na hakuna kampuni nyingine inayoruhusiwa kuitumia. Ndiyo sababu iPhone inabaki na bei ya juu, na telefone za Android ziko za bei kubwa na za bei ndogo. Leo, kati ya telefone 10 za namna hiyo duniani, karibu 7 ziko na Android. Katika soko zetu za milimani, zinakuwa karibu zote.

Mufundi wa kutengeneza Android iko katika kila soko. Kioo chake kinapatikana, batri yake inapatikana, na kijana wa jirani anajua kuitumia. Kwa koperative isiyo na feza nyingi, hiyo si faida ndogo.

Mambo ya muzuri tuliyoyaona

La kwanza ni kupima mashamba. Umoja wa Ulaya uliweka sheria nambari 2023/1115, mwaka 2023, inayoomba kwamba kahawa na kakao zinazoingia kwao zijulikane zilitoka katika shamba gani, na kwamba shamba hilo halikufunguliwa kwa kukata pori kisha tarehe 31 Desemba 2020. Kwa shamba lisilozidi hektari 4, pointi moja ya GPS inatosha. Likizidi hapo, inaomba kuzunguka mipaka yake yote. Siku ya kuanza kutumia sheria hiyo ilisukumwa mbele zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi hawakungojea. Sisi tulikwisha kuombwa pointi za mashamba ya wamemba wote.

Bila Android, kazi hiyo ingeomba kununua mashini ya GPS. Na telefone, tulipanda milima na aplikasio ya KoboCollect, ile inayotumiwa na mashirika mengi kwa kujaza fomu. Inatumika katika Android, katika iPhone haiko. Na watu wengi hawajue jambo hili: GPS haiombe rezo wala mega. Inasikia satelite moja kwa moja. Hata katika bonde ambalo hakuna kampuni ya telefone inayofika, unasimama katikati ya shamba, unangojea kosa ishuke mupaka metre 5 ao chini, unaandika jina la mwenye shamba, unaendelea. Ukifika mahali penye rezo ndipo unatuma.

La pili ni picha. Mukulima akiona vumbi la rangi ya machungwa chini ya majani ya kahawa, ao mududu asiyemujua juu ya matunda, tunapiga picha na kuitumia agronome wa muji. Anatujibu siku ile ile kama ni kutu ya kahawa, ao kama ni antestia, yule mududu anayepatanishwa na ladha ya kiazi inayofanya wanunuzi wakatae kahawa yetu. Mbele ya pale, tulikuwa tunamungojea mupaka apite na moto wake.

La tatu ni SIM mbili. Kwenye mulima huu rezo ya kampuni moja inashika, kwenye mulima wa ngambo inashika ya kampuni nyingine. Telefone nyingi za Android za bei ya chini zinabeba SIM mbili, na hilo linatufaa sana.

La ine ni luga. Android inaweza kuandika maneno yake yote katika Kiswahili. Ni kweli, ni Kiswahili cha Tanzania na Kenya: pale sisi tumezoea kuona «Paramètres», inaandika «Mipangilio». Wazee wetu walicheka neno hilo siku ya kwanza. Lakini mama asiyesoma Kifaransa sasa anasoma mwenyewe kilichoandikwa, haongojee mutoto wa shule amusomee.

Mambo ya mubaya ya kila siku

La kwanza ni moto. Telefone ndogo ya tochi inakaa karibu juma nzima bila kutia moto. Android inaomba moto kila siku. Hapa kwetu wengi hawana panneau, wanalipa kwa mwenye duka. Mufanye hesabu pamoja nasi. Kama mwenye duka anaomba franga 500 kila mara, telefone ndogo itakula franga 500 kwa juma, ni kusema franga 26.000 kwa mwaka. Android itakula franga 3.500 kwa juma, ni kusema franga 182.000 kwa mwaka. Koperative nyingi zinaandika bei ya telefone katika bajeti, zinasahau moto wake. Kisha inakuwa sekretere ndiye analipa na mufuko wake, na mutu anayelipa moto wa telefone kila siku anaanza kusikia kwamba telefone ni yake. Hatumulaumu. Sisi ndio tulimuacha alipe.

La pili ni mega. Android haikae kimya. Hata ukiiweka juu ya meza, inatafuta aplikasio za mupya, inashusha picha na video za vikundi vya WhatsApp, inaongea na Google. Sisi tulitia forfe ya juma, ikakwisha kwa siku mbili, na kila mutu akamutazama mwenzake kama mwizi. Hakukuwa mwizi. Zilikuwa video za harusi na za kuchekesha zilizoshuka zenyewe. Dawa iko: katika «Paramètres» kuna «Économiseur de données», iwashwe. Katika WhatsApp, ndani ya «Stockage et données», uondoe kushuka kwenyewe kwa picha na video. Hiyo ni kazi ya dakika tano ambayo hakuna mutu alituonyesha siku ya kununua.

La tatu ni uzee. Jembe la miaka kumi bado linalima. Android ya miaka kumi inaweza kuwaka vizuri, kioo chake kizima, na bado ikakatazwa kazi. WhatsApp sasa inaomba Android 5 ao ya juu yake, na kila mara mupaka huo unapanda. Telefone ndogo za vibonyezo zenye KaiOS, ambazo ni za bei ya chini sana, zilikuwa na WhatsApp. Mwanzoni mwa mwaka 2025 WhatsApp ikafunga mulango kwao. Kwa hiyo mukinunua, muulize mambo mawili: ni Android ya namba gani, na memoire ya kufanyia kazi, ile wanaita RAM, ni ngapi. Kuko Android ya kupunguzwa inayoitwa Go, Google iliitangaza mwaka 2017 kwa ajili ya telefone zenye nguvu kidogo. Lakini hata hiyo Go, tangu Android 13, inaomba RAM ya GB 2. Mutu akiwauzia telefone ya GB 1 na kuwaambia ni ya mupya, itawachosha mbele ya mavuno kufika.

Haya yote ni mambo ya garama. Yanauma mufuko, lakini mutu anaweza kuyapangia. Lile lililotuumiza kabisa halikuwa katika bajeti.

Siku telefone ilitukataa

Android ikiwaka mara ya kwanza, inaomba konti ya Google, ile yenye anwani ya Gmail. Siku ya kununua, tulikuwa watu watatu dukani: prezida, keshia na sekretere. Ni sekretere peke yake aliyekuwa na anwani ya Gmail. Akaiandika. Kwa dakika mbili telefone ikafunguka, tukafurahi, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyefikiri kwamba tulikuwa tumefanya jambo kubwa. Lakini ndani ya Android, pale ndipo mahali pa kuandikisha mwenye mali. Facture yetu ilibaki ndani ya sanduku. Telefone haijui facture.

Sekretere alifanya kazi ya muzuri. Alipanda milima, akapima mashamba ya wamemba zaidi ya mia mbili. Kisha maisha yakamusukuma. Alienda kutafuta kazi mbali, na telefone akaiacha kwa prezida kama mutu mwaminifu. Kode ya kufungua kioo alikuwa ameisema kwa mudomo. Mutu mumoja aliikumbuka vibaya, akajaribu, akajaribu tena, telefone ikajifunga. Tukampigia sekretere: namba yake haipiti. Tukaipeleka kwa kijana wa kutengeneza telefone. Akafanya anachojua: akafuta yote ili irudi kama ilitoka kiwandani. Ikawaka. Tukapiga makofi. Kisha ikatuomba konti ile ile iliyokuwa ndani mbele ya kufutwa.

Tulifikiri ni kuharibika. Si kuharibika. Tangu Android 5.1, ya mwaka 2015, Google iliweka ulinzi huo kwa makusudi: mwizi akiiba telefone na kuifuta, isimufae, kwa sababu itaomba konti ya mwenyewe. Ni jambo la muzuri. Telefone yenu ikiibiwa njiani, mutafurahi kwamba mwizi ameshika kipande cha kioo tu. Lakini siku ile, mbele ya Android, sisi ndio tulikuwa wezi. Facture mukononi, mhuri wa koperative juu ya meza, na telefone inatuambia: siwajue.

Ndipo tukakumbuka mama wa nyuma. «Iko na jina ya nani ndani?» Ilikuwa na jina la sekretere.

Tulipoteza nini? Fomu nyingi za KoboCollect hazikuwa zimetumwa. Zilikuwa zimekwisha kujazwa, zinangojea rezo na mega, na mega ilikuwa imeliwa na video. Zikafutika pamoja na yote. Tukapanda milima upya, katika mwezi wa mavuno, wakati kila mukono ulikuwa unahitajiwa kwenye kuchuma. Lakini hiyo haikuwa hasara kubwa kuliko zote. Hasara kubwa ilikuwa maneno. Mumoja alisema sekretere ameuza majina yetu. Mwingine alisema komite inaficha hesabu ndani ya telefone. Sekretere hakuwa ameiba kitu, lakini alikuwa mbali na hakuweza kujitetea, na watu wa kwao katika mugini walitembea vichwa chini. Tulipomupata kwa telefone, alituma neno lake la siri bila kubishana, na telefone ikafunguka. Maneno hayakufutika haraka hivyo. Tunamuomba musamaha hapa pia, maana kosa lilikuwa letu.

Na nini ilituokoa? Kaye. Keshia wetu ni mama mwenye kichwa kigumu. Hata wakati tulimuambia kwamba sasa yote iko ndani ya telefone, aliendelea kuandika kila kilo na kila franga katika kaye, na kila memba anatia kidole ao sahihi. Telefone ilipokufa, deni la kila memba lilikuwa pale kwenye karatasi. Hakuna mukulima aliyepoteza hata kilo moja ya kahawa yake.

Wanaosema tuitupe, na wanaosema tuweke yote ndani

Kisha jambo hilo, koperative iligawanyika. Wazee wakasema: «Tuiuze, turudi kwenye kaye.» Tunawaelewa, lakini hatukubali. Kaye inalowa mvua, inaliwa na panya, na haiwezi kupima shamba. Mununuzi anayeomba pointi za GPS hatakubali karatasi yenye maneno «karibu na muti mukubwa wa Papa fulani». Tukiitupa Android, tunajifungia soko wenyewe.

Vijana wakasema: «Ubaya si telefone, ubaya ni kaye. Tuweke yote ndani ya Android na kwenye intaneti, hakuna kitakachopotea.» Nao tunawaelewa. Ni kweli kwamba konti ya Google inatoa nafasi ya GB 15 bule ya kuweka nakala, na nakala ikiwa kule, telefone ikianguka majini majina hayapotee. Lakini nakala inapanda tu kama kuna rezo na mega, na kwetu vyote viwili vinakosa kwa siku nyingi. Tena, mukulima anayeuliza «munanidai ngapi?» iko na haki ya kuona jibu kwenye karatasi ambayo ametia kidole chake. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ambayo inchi yetu inaifuata, inaomba daftari la wamemba likae kwenye makao ya koperative. Kwenye makao ya koperative, si ndani ya mufuko wa sekretere.

Kwa hiyo tunasimama katikati, na si kwa woga. Android ipime, ipige picha, itume. Kaye ikumbuke. Na feza tumeitenga nayo. Kutuma na kupokea feza kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money kunafanyika kwa zile kode za nyota na diezi, ambazo haziombe intaneti na zinatumika katika telefone yoyote. SIM ya feza ya koperative tumeitia katika telefone ndogo ya tochi, inakaa kwa keshia. Haina WhatsApp, haina michezo, mutoto haiombe. Mutu hawezi kuitumia link ya udanganyifu ya kugusa. Kwa kazi hiyo, telefone ndogo inashinda ile kubwa.

Sanduku la makufuli matatu

Wengi kati yetu ni wamemba wa AVEC. Munajua sanduku la AVEC: liko na makufuli matatu, na funguo ziko kwa watu watatu mbalimbali. Hatukuweka makufuli matatu kwa sababu tunamuona mwenye kulinda sanduku kuwa mwizi. Tuliyaweka ili asishukiwe. Tunaomba koperative zifanye Android vile vile.

Konti ya Google iwe ya koperative, yenye jina la koperative, ifunguliwe mbele ya watu watatu wa komite. Namba ya telefone ya kurudishia konti iwe ya SIM ya koperative, na SIM hiyo yenyewe mujue iliandikishwa kwa kitambulisho cha nani. Neno la siri la konti na kode ya kioo viandikwe kwenye karatasi, vitiwe katika bahasha, bahasha ifungwe na mhuri, ikae ndani ya sanduku. Sekretere anajua kode kwa sababu ya kazi. Bahasha ni kwa siku ambayo sekretere hayupo.

Kode ya kioo isikosekane. Tumeona koperative zinazoiacha telefone wazi ili kila mutu aitumie. Ndani yake kuna majina ya wamemba, namba zao, na mahali kila shamba liko. Katika eneo letu hatuhitaji kueleza ni nani anaweza kufurahia orodha ya namna hiyo. Telefone zilizotoka na Android 10 na za nyuma yake zinafunga data zao kwa ufunguo wa siri, lakini bila kode ya kioo, ni kama nyumba yenye mulango wa chuma ulioachwa wazi.

Fomu zitumwe kila juma, siku ya soko, mahali penye rezo, na katika kaye iandikwe: leo tumetuma fomu kadhaa. Moto na mega ya kazi vilipwe na koperative, kwa risiti. Na komite ikibadilika, telefone, charger, SIM, konti na bahasha vipitishwe mukono kwa mukono mbele ya mukutano, kode zibadilishwe siku ile, na watu wa zamani na wa mupya watie sahihi. Vile ndivyo tunapitisha mizani na funguo za depo. Kwa nini telefone ipitishwe kimyakimya?

Wale wasio nayo

Neno moja la mwisho, kwa sababu ni dada zetu walituambia. Tulipopata Android, tulifungua kikundi cha WhatsApp cha koperative. Bei ikibadilika, tunaandika mule. Mukutano ukisogezwa, tunaandika mule. Tulijiona watu wa maendeleo. Kumbe wamemba wengi hawako na Android, na kati yao wengi ni wanamuke na wazee. Siku moja bei ilipanda, wenye Android wakaleta kahawa yao siku ile ile kwetu, na wale wengine walikuwa wamekwisha kumuuzia mupita-njia kwa bei ya chini, siku moja mbele. Koperative yao ilijua, wao hawakujua. Hiyo haikuwa kosa la Android. Ilikuwa kosa letu kuzani kwamba kusema katika Android ni kusema kwa watu wote.

Sasa tuko na kanuni: bei na mukutano havihesabiwe kuwa vimetangazwa kama viko katika WhatsApp peke yake. Vinaandikwa na chaki kwenye ubao wa depo, vinatumwa kwa SMS, na vinasemwa kanisani na sokoni.

Tunaomba kila koperative ichukue ulizo la yule mama na kuliweka katika mukutano wake unaokuja. Mulete telefone juu ya meza, muifungue mbele ya wote, muingie katika «Paramètres», mutafute mahali pa «Comptes», na musome kwa sauti jina mutakaloliona. Kama ni jina la koperative, mushukuru sekretere wenu. Kama ni jina la mutu, musimushuku. Pengine alifanya kama wetu, alisaidia siku ambayo hakuna mwingine aliyeweza. Mubadilishe siku ile ile, yeye akiwa hapo, telefone ikiwa na moto, na muandike katika kaye.

Mama wa nyuma, sisi tumemuchagua katika komite ya usimamizi. Sasa anakaa mbele.